Mtegemea cha Nduguye

Mwaka 1957 kamati iliyoongozwa na Sir Henry Willink, aliyepata kuwa Waziri wa Afya wa Uingereza, iliikabidhi serikali ripoti kuhusu idadi ya madaktari ambao nchi ingewahitaji miaka iliyokuwa inakuja. Huduma ya Taifa ya Afya, NHS, ilikuwa haijatimiza hata miaka 10. Matibabu yalikuwa bure, wagonjwa walikuwa wanamiminika, na mtu angetegemea kamati iseme vyuo vya udaktari vipanuliwe. Ikasema kinyume chake: wanafunzi wanaopokelewa vyuoni wapunguzwe kwa takriban sehemu moja ya kumi, kwa sababu madaktari walikuwa wanakaribia kuzidi. Wanakamati hao hawakuwa watu wa kubahatisha. Walihesabu waliokuwa kazini, wakahesabu watakaostaafu na watakaokufa, wakakisia ongezeko la watu, wakajumlisha na kutoa. Kasoro ilikuwa katika makisio. Watu waliongezeka kuliko walivyodhani, tiba yenyewe ikapanuka na kudai mikono mingi zaidi, na madaktari wa Kiingereza wakawa wanafungasha kwenda Canada, Australia na Marekani kwa wingi ambao kamati haikuutia hesabuni. Miaka michache tu baadaye hospitali nyingi, hasa zilizo mbali na London, zikawa zinahangaika kupata wa kushika zamu ya usiku.

Zamu hizo zilishikwa, ila na watu waliosomeshwa na wengine. Vyuo vya udaktari vya India na Pakistan vilikuwa vinafuata mtaala wa Kiingereza tangu enzi za ukoloni, shahada za vingi kati yake zilitambuliwa na Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza, na daktari kijana kutoka Bombay au Lahore aliweza kushuka melini akaanza kazi. Wengi wao waliishia palipokimbiwa na wenyeji: wodi za wazee, hospitali za wagonjwa wa akili, kliniki za mitaa ya wachimba makaa. Waziri wa Afya kuanzia 1960 hadi 1963, miaka ambayo nafasi hizo zilikuwa zinajazwa, alikuwa Enoch Powell, yuleyule ambaye mwaka 1968 alitoa hotuba Birmingham ya kuwatisha Waingereza kuhusu wahamiaji. Mwaka huohuo tume ya kifalme iliyoongozwa na Lord Todd ilishauri vyuo vipanuliwe, na katika miaka ya 1970 vyuo vipya vya udaktari vikafunguliwa Nottingham, Southampton na Leicester. Lakini kumwandaa daktari huchukua miaka zaidi ya 10. Pengo la 1957 lilizibwa na Bara Hindi kwa muda mrefu kiasi kwamba wizara ilizoea, na mazoea hayo yameishi kuliko kamati iliyoyaanzisha.

Naanza na kamati hiyo kwa sababu habari za madaktari kuzihama nchi maskini karibu kila mara husimuliwa kuanzia mwishoni. Tunaambiwa juu ya daktari wa Accra au Harare aliyekata tiketi, tunabishana kama ni msaliti au ni mtu anayetafuta riziki kama wengine, kisha tunamaliza kwa kuilaumu serikali iliyomlipa kidogo. Yote hayo yana nafasi yake. Ila mtu hahamii kwenye kazi isiyokuwepo. Nafasi aliyokwenda kuijaza iliachwa wazi na watu wenye majina na vyeo, kwa uamuzi uliotiwa saini, pengine kabla yeye hajaanza shule ya msingi. Hoja ya sura hii ni kwamba chanzo kikubwa cha uhamaji huo kiko katika nchi tajiri zinazosomesha madaktari pungufu ya wale wanaohitajika kwao, na kwamba dawa ya haki kuliko zote ni nchi hizo kujisomeshea. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika biashara hii anayetegemea ni tajiri, na anayekufa ni ndugu.

Marekani ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi, maana huko kosa lilifanyika mara mbili. Mwaka 1980 kamati ya ushauri ya serikali, iliyojulikana kwa kifupi chake GMENAC, ilitabiri kwamba ifikapo 1990 nchi ingekuwa na madaktari 70,000 wa ziada, na ifikapo mwaka 2000 ziada ingefika 145,000. Vyuo vikasikia. Kwa takriban miaka 25 vyuo vinavyotoa shahada ya MD vilihitimisha watu wapatao 16,000 kwa mwaka bila kuongeza, huku idadi ya Wamarekani ikipanda kutoka milioni 226 mwaka 1980 hadi milioni 281 mwaka 2000. Badala ya ziada, ukaja uhaba. Kosa la pili ni la mwaka 1997, nalo linafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu bado linaendesha mambo hadi leo. Mhitimu wa udaktari Marekani haruhusiwi kutibu kwa kujitegemea mpaka apitie mafunzo ya hospitalini: kwa kawaida miaka 3 kwa daktari wa familia, 5 au zaidi kwa mpasuaji. Sehemu kubwa ya gharama za mafunzo hayo hubebwa na Medicare, bima ya serikali ya wazee. Sheria ya kusawazisha bajeti ya mwaka huo ilisema kila hospitali italipiwa idadi ya madaktari mafunzoni iliyokuwa nayo mwaka 1996, basi. Hospitali iliyokuwa na 100 ikabaki na malipo ya 100 hata kama mji wake umekua maradufu. Bunge lilikuja kuongeza nafasi 1,000 tu mwishoni mwa 2020, tena kwa mafungu yasiyozidi 200 kwa mwaka.

Sasa ukiweka makosa hayo mawili pamoja utaona jinsi mlango unavyofunguka. Nafasi za mafunzo hospitalini, hata zilipobanwa, zilikuwa nyingi kuliko wahitimu wa ndani. Tofauti hiyo ya maelfu kila mwaka ndiyo inayojazwa na waliosomea nje, na ndiyo sababu takriban daktari mmoja kati ya wanne wa Marekani hana shahada ya udaktari ya Marekani. Wengi wanaokuja kwa viza ya mafunzo hutakiwa kurudi kwao kwa miaka 2 wakimaliza. Lakini tangu 1994 kila jimbo limekuwa na haki ya kuwasamehe baadhi yao sharti hilo, leo hadi 30 kwa mwaka, mradi wakubali kufanya kazi katika eneo lenye upungufu wa madaktari. Yaani sheria inatambua kwamba kijiji cha Marekani kisicho na daktari ni sababu tosha ya kumzuia mtu asirudi kwenye kijiji cha kwao kisicho na daktari. Sijui kama waliotunga kifungu hicho waliwahi kukisoma kwa sauti.

Ufaransa ilikwenda njia yake ikafika palepale. Kuanzia 1971 serikali iliweka kikomo cha wanafunzi wanaovuka mwaka wa kwanza wa udaktari. Nafasi zaidi ya 8,500 za mwaka 1972 zikashushwa mwaka baada ya mwaka hadi 3,500 mwaka 1993. Moja ya fikra zilizokuwa nyuma ya kikomo hicho ni kwamba madaktari wachache wataandika dawa chache, na mfuko wa bima ya afya utapumua. Wagonjwa hawakupungua. Hospitali za umma zikaajiri madaktari kutoka Aljeria, Moroko, Tunisia na Afrika Magharibi, wengi kwa mikataba ya muda na malipo ya chini kuliko wenzao wa Kifaransa waliokuwa wanafanya kazi ileile. Kikomo hicho kilifutwa kuanzia 2020, kikawekwa utaratibu mwingine uliolegea kidogo.

Ukubwa wa jambo lenyewe ulipimwa vizuri mwaka 2005 na Fitzhugh Mullan, daktari na mtafiti wa Kimarekani. Alichukua nchi 4, yaani Marekani, Uingereza, Canada na Australia, akakuta kwamba kati ya asilimia 23 na 28 ya madaktari wake walisomea nje, na kwamba kati ya asilimia 40 na 75 ya hao walitoka nchi za kipato cha chini. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu ambazo zimenukuliwa mno tangu hapo: Afrika inabeba asilimia 24 ya mzigo wa maradhi wa dunia ikiwa na asilimia 3 tu ya wafanyakazi wa afya. Kisha mwaka 2011 watafiti wakaandika katika jarida la BMJ hasara ya nchi 9 za Afrika, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo, kwa madaktari waliokuwa wanafanya kazi nje. Walipata dola bilioni 2.17. Upande wa pili wa daftari, Uingereza peke yake ilikuwa imeokoa dola bilioni 2.7 kwa kutowasomesha watu hao yenyewe. Hesabu za namna hii hutegemea riba na makisio, na mtu anaweza kuzishusha au kuzipandisha akitaka. Anachoshindwa kukigeuza ni upande ambao fedha inaelekea.

Kuna takwimu nyingine zinazotaka kushikwa kwa uangalifu. Utafiti wa Michael Clemens na Gunilla Pettersson ulionyesha kwamba mwanzoni mwa karne hii zaidi ya nusu ya madaktari waliozaliwa Kenya, na zaidi ya nusu ya waliozaliwa Tanzania, walikuwa wanafanya kazi ng'ambo. Ni kweli, lakini hesabu ile ilifuata mahali pa kuzaliwa, na ndani yake wamo watoto wa familia zenye asili ya Asia walioondoka Afrika Mashariki wakiwa wadogo na kusomea udaktari Leicester au Toronto. Hao hawakusomeshwa na Muhimbili. Vivyo hivyo, si kila aliyesomea nje huko Marekani ni mtu aliyechukuliwa kutoka nchi maskini. Wapo Wamarekani wengi waliosoma katika vyuo vya visiwa vya Karibi. Natoa tahadhari hizi kwa sababu hoja yenye nguvu haihitaji kuongezewa chumvi.

Tena hao Wamarekani waliosomea Karibi wanatupa ushahidi mwingine. Husemwa kwamba nchi tajiri zinaajiri wageni kwa kuwa watoto wao hawautaki tena udaktari, kazi ya miaka mingi na usingizi mchache. Si kweli. Katika miaka ya karibuni zaidi ya watu 50,000 kwa mwaka wameomba kuingia vyuo vya MD vya Marekani, na walioingia ni kama 23,000. Waliobaki si wote wanaofaa, lakini wapo wenye alama nzuri kabisa wanaojaribu mara ya pili na ya tatu, au wanaopanda ndege kwenda Grenada kulipa ada kubwa zaidi. Uingereza nako waombaji ni zaidi ya 20,000 kila mwaka na chini ya nusu ndio wanaopata. Kijana wa Sheffield anaambiwa hakuna nafasi, na mwaka uleule hospitali ya Sheffield inatangaza nafasi ya kazi ambayo itajazwa na mtu wa Lagos. Mwaka 2023 takriban theluthi mbili ya madaktari walioandikishwa Uingereza kwa mara ya kwanza walikuwa wamesomea nje ya nchi.

Yaliyojaribiwa badala ya kusomesha yamekuwa ya namna mbili. Ya kwanza ni kumfunga daktari kamba. Nigeria, Aprili 2023, mswada wa mbunge Ganiyu Johnson wa kuwanyima wahitimu leseni kamili mpaka watumikie nchini miaka 5 ulivuka hatua ya kusomwa mara ya pili, na vyama vya madaktari vikaja juu, tena kwa haki: wabunge haohao hutibiwa London. Namna ya pili ni ahadi za adabu. Uingereza ilijiwekea kanuni za uajiri mwaka 2001, na mwaka 2010 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha kanuni za dunia nzima. Ni za hiari. Orodha ya mwaka 2023 inataja nchi 55 ambazo haifai kwenda kuajiri humo kwa kampeni. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo. Nigeria nayo imo, na bado ni miongoni mwa nchi zinazoipelekea Uingereza madaktari wengi, maana kanuni inamzuia wakala kwenda Lagos kuwatafuta watu, haimzuii mtu wa Lagos kujaza fomu mwenyewe kwenye simu yake. Wala haipaswi kumzuia. Nafasi ikiwa wazi na mshahara ukiwa mara nyingi zaidi, kanuni ya hiari itaheshimiwa kwenye hotuba. Ndani ya kanuni za 2010 kuna sehemu moja yenye uzito: inazitaka nchi zijitahidi kukidhi mahitaji yao kwa watu wao wenyewe, kwa kadiri inavyowezekana. Ndiyo sehemu isiyozungumzwa, kwa sababu ndiyo yenye gharama.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni la haki za binadamu, na halipaswi kupuuzwa. Tamko la mwaka 1948 linampa kila mtu haki ya kuondoka nchini mwake. Daktari si mali ya serikali kwa sababu tu ilimlipia ada, kama ambavyo mhandisi au mwalimu si mali. Nakubali, na ndiyo maana naipendelea njia hii kuliko kamba za Abuja. Nchi tajiri ikisomesha wa kutosha, haki ya daktari wa Kampala kuondoka inabaki ilivyo. Anaweza kuomba kazi London na akaipata kwa ubora wake. Kinachobadilika ni nguvu ya mvuto: ada za mawakala, viza za haraka, hospitali zinazolipia tiketi na nyumba. Hakuna tamko linalosema tajiri ana haki ya kupunguza madarasa yake na kutumia ya jirani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwetu, na linatoka ndani ya nyumba. Linauliza: hao madaktari wakibaki, mtawaajiri? Machi 2017 Kenya ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye mgomo wa madaktari wa hospitali za umma uliodumu siku 100. Ujumbe wake ulikwenda Dar es Salaam kuomba msaada, na Rais John Magufuli akakubali kupeleka madaktari 500. Tangazo likatoka, vijana wakaomba, na 258 wakaonekana wana sifa. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani kupinga, kwa sababu nao walikuwa na wenzao wasio na kazi, na mahakama ikasimamisha mpango. Magufuli akaamuru wale 258 waajiriwe na serikali yake mara moja. Ni tendo lililosifiwa, na waliopata ajira hawakulalamika. Lakini tazama lilichofichua: nchi yenye zahanati na vituo vya afya visivyo na daktari ilikuwa na mamia ya madaktari waliohitimu, waliomaliza mwaka wa utarajali, waliosajiliwa, wamekaa nyumbani wakisubiri kibali cha ajira. Mipango ya Nairobi na Dodoma ilikuwa imekutana kwenye umaskini mmoja wa bajeti. Miaka 7 baadaye, mwaka 2024, madaktari wa Kenya waligoma tena, siku 56, na moja ya sababu kubwa ilikuwa watarajali waliohitimu bila kupangiwa vituo na mzozo juu ya malipo yao.

Je, hilo linaivunja hoja? Clemens, niliyemtaja juu, angesema ndiyo; mwaka 2007 alilinganisha nchi za Afrika na hakupata uhusiano kati ya wingi wa madaktari waliohama na hali ya afya ya wananchi waliobaki. Nadhani matokeo yake ni sahihi na tafsiri yake ni pungufu. Yanaonyesha kwamba daktari asipohama hajawa tiba, na huo ni ukweli ambao kila mtu wa Kigoma au Turkana anaujua. Daktari anahitaji dawa, umeme, muuguzi, barabara na mshahara unaofika. Lakini uhaba wa ajira na mvuto wa ng'ambo si vitu viwili visivyojuana. Wizara ya fedha inayojua kwamba vijana wasioajiriwa watatafuta njia ya kwenda Manchester haina presha ya kuwaajiri; malalamiko yanapanda ndege. Na wanaoondoka hawafanani. Ughaibuni huchagua wenye uzoefu na ubingwa, wale ambao wangekuwa wanafundisha. Akiondoka daktari mmoja wa ganzi mwenye miaka 15 kazini, anaondoka na wanafunzi wake wa miaka 15 ijayo, na mhitimu aliyekaa nyumbani hawezi kushika nafasi hiyo hata akiajiriwa kesho.

Hapa ndipo mfano wa Ufilipino, unaotolewa kuonyesha kwamba uhamaji wenyewe huzaa wataalamu wapya, unapochechemea. Utafiti umeonyesha kwamba Marekani ilipofungua viza kwa wauguzi kati ya 2000 na 2006, kila muuguzi aliyeondoka Ufilipino alifuatwa na 9 wapya waliopata leseni, kwa sababu familia zilikimbilia kuwalipia watoto wao vyuo vya binafsi. Ni habari njema ya kweli, ya wauguzi, katika nchi yenye vyuo vingi vya kulipia. Udaktari wa Makerere au Muhimbili unategemea sana ruzuku ya umma na wodi za kufundishia ambazo haziongezeki kwa sababu tu wazazi wana ari, na walimu wake ndio walewale wanaoitwa ng'ambo. Fedha zinazotumwa nyumbani na waliohama nazo zina faida kubwa, hakuna wa kubisha. Zinajenga nyumba na kulipa karo. Hazimzalishi mama wa mtu mwingine usiku wa manane.

Basi iko wapi nguvu ya kujisomeshea? Uingereza yenyewe imekiri, kwa maandishi. Mpango wa watumishi wa NHS wa Juni 2023 uliahidi kuongeza nafasi za udaktari za England maradufu, kutoka 7,500 hadi 15,000 kwa mwaka ifikapo 2031. Watu wa hazina hupinga kwa gharama, maana daktari mmoja hula zaidi ya pauni 200,000 za mafunzo, na hupinga kwa muda: atakayeanza chuo 2031 atakuwa daktari wa familia kama 2041 na bingwa wa upasuaji baada ya 2045. Pingamizi la muda lina sura ya busara mpaka ukumbuke kwamba lingeweza kutolewa, na lilitolewa, katika kila muongo tangu Todd. Kuhusu gharama, ilikuwa inalipwa siku zote. Ililipwa Kampala, ambako hesabu ya mwaka 2011 iliweka elimu ya daktari mmoja kwenye dola 21,000, fedha nyingi mno kwa bajeti ya Uganda na kidogo mno kwa ile ya London.

Kuna tahadhari ambayo waungaji mkono wa hoja hii huisahau. Kuongeza viti vya chuo bila kuongeza nafasi za ubingwa ni kuhamisha foleni kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Mwaka 2025 zaidi ya waombaji 30,000 waligombania takriban nafasi 10,000 za mafunzo ya ubingwa Uingereza, na miongoni mwa walioachwa walikuwamo wahitimu wa vyuo vya humohumo. Lawama zikawaangukia wageni, kama kawaida, na serikali ikaahidi kuwapa wahitimu wa ndani kipaumbele. Daktari wa Sudan au Nigeria aliyekwisha kulipia mitihani na kuuza shamba alijikuta kwenye mlango uliofungwa na walewale waliomwita. Kujitosheleza hakumaanishi hivyo. Maana yake ni kulipia ngazi nzima, kutoka darasa la mwaka wa kwanza hadi ubingwa, na kutangaza mapema ni wageni wangapi watahitajika huku ngazi hiyo ikijengwa.

Nasi tunalo la kufanya bila kusubiri London. Msumbiji ilianza mwaka 1984 kuwafunza matabibu wa upasuaji, watu wasio na shahada ya udaktari, kazi za dharura za hospitali za wilaya, ikiwemo upasuaji wa uzazi. Uchunguzi ulipofanywa, matokeo ya upasuaji wao yalikaribiana na ya madaktari bingwa. Jambo la pili ndilo lililowashangaza wengi: miaka 7 baada ya kupangiwa wilayani, karibu asilimia 90 ya matabibu hao walikuwa bado wako huko, na kati ya madaktari waliopangiwa wakati uleule hakuna aliyebaki hata mmoja. Cheti chao hakisomeki Lisbon. Wako wanaokiita tiba ya daraja la pili. Waseme hivyo kwa mama mwenye uchungu wa siku mbili. Malawi nayo, ambayo haikuwa na chuo chake cha udaktari mpaka 1991, iliongeza mishahara ya watumishi wa afya kwa asilimia 52 kwa msaada wa wafadhili kuanzia 2004, na hadi 2009 idadi ya watumishi ikapanda kwa zaidi ya nusu. Wafadhili wakubwa katika mpango huo walikuwa Waingereza, ambao hospitali zao zilikuwa zinawapokea Wamalawi mlango wa pili.

Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wa Kenya wasio na ajira kufanya kazi NHS. Mikataba ya aina hii itaongezeka, na ya madaktari itafuata, kwa sababu 2045 iko mbali na wodi za Ulaya zinajaa wazee. Sisemi tusitie saini. Nasema waziri wetu anapoalikwa, asikubali kuzungumzia idadi ya watu tutakaowatoa kabla hajaambiwa idadi ya nafasi za chuo na za ubingwa ambazo mwenyeji wake ameongeza mwaka huo kwa ajili ya watoto wake mwenyewe. Jibu liandikwe ndani ya mkataba kwa tarakimu, pamoja na mwaka wa kutimizwa na fidia itakayolipwa kwa vyuo vyetu isipotimizwa. Na wabunge wa nyumbani wamuulize waziri huyohuyo, akirudi, wale waliohitimu mwaka jana wataajiriwa lini.